Kitabu Kinachoogopwa, Kenya na Iowa

Wiki hii nimekuwa nikisoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, shairi moja moja, usiku nikitoka kazini. Mwaka 1969 mzaliwa huyo wa Mombasa alihukumiwa kifungo kwa kosa la uchochezi, kisa ni karatasi iliyouliza: Kenya, Twendapi? Alikaa ndani miaka mitatu, muda mwingi akiwa ametengwa na wenzake, na mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ikatoka 1973. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Nayasoma haya nikiwa Iowa, jimbo ambalo nalo linaviogopa vitabu. Shirika la PEN America, linalotetea uhuru wa kuandika, lilihesabu visa zaidi ya 10,000 vya vitabu kuondolewa au kuzuiwa katika shule za Marekani kwenye mwaka wa masomo wa 2023–2024. Kitabu kimoja kikizuiwa katika wilaya tano za shule, hivyo ni visa vitano. Florida iliongoza, Iowa ikafuata. Gavana wa hapa alitia saini mwaka 2023 sheria ya kuondoa katika maktaba za shule kitabu chochote chenye maelezo ya tendo la ndoa. Shule ikikiuka huonywa kwanza. Ikirudia, mwalimu au mkutubi aweza kufikishwa mbele ya bodi inayosimamia leseni za walimu. Hebu jiweke mahali pake. Una maelfu ya vitabu, huwezi kuvisoma vyote, na riziki yako iko hatarini. Utaondoa hata kile ambacho hakuna mzazi aliyekilalamikia. Ndivyo wilaya nyingi zilivyofanya.

Jamaa zangu nyumbani wakizisikia habari hizi huniambia, "Unaona? Hata Wamarekani wanapiga vitabu marufuku." Wanasema kana kwamba tumesamehewa. Siikubali hoja hiyo hata kidogo. Hapa mwandishi hafungwi korokoroni kwa ajili ya riwaya yake. Wachapishaji, waandishi na chama cha walimu waliishtaki Iowa mwaka uleule wa 2023, na sheria ikasimamishwa, ikarudishwa, ikasimamishwa tena. Sheria hiyo inazihusu shule, kwa hiyo kitabu kilichotolewa shuleni mtoto anaweza kukiazima bure katika maktaba ya umma, mradi awe na mtu wa kumpeleka.

Kwetu mwandishi alilipa kwa mwili wake. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa 1977 kwa sababu ya mchezo wa kuigiza uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Riwaya yake ya Matigari ikakusanywa madukani mwaka 1987, naye akiwa tayari uhamishoni. Alifariki Mei 2025 hapa hapa Marekani, ugenini.

Na tusijidanganye kwamba hayo yalikwisha na enzi zile. Aprili 2025 wasichana wa shule ya upili ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Polisi wakarusha vitoa machozi. Wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuigiza. Habari ile iliniuma, na bado inaniuma. Ni watoto wa shule wenye amri ya mahakama mkononi!

Lakini kuna marufuku nyingine ambayo haihitaji polisi. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16. Mzazi anayehangaikia karo atakata nini kwanza kama si kitabu cha hadithi? Huku nimezoea kuingia maktaba ya mtaa, kubeba mzigo wa vitabu na kutoka bila kulipa hata senti. Hilo ndilo ninalowaonea Wamarekani wivu, na ndilo ningetaka Wakenya tulipiganie kwa sauti kubwa kuliko tunavyopigania barabara.

Wivu huo haufiki kwenye likizo. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Hapa hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kukupa hata siku moja ya mapumziko kwa malipo. Ni mkataba wako na bahati yako. Nchi yenye maktaba nzuri namna hii inawanyima watu wake muda wa kuzitumia.

Likizo yangu imekubaliwa, na mwezi ujao nakwenda Mombasa. Nimepanga kusoma mchana kweupe, jambo ambalo huku sijui lini nimelifanya, na kupita maduka ya vitabu kuandika majina ya riwaya mpya za Kiswahili. Mji wetu huku Iowa, Des Moines, una familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na rafu ya Kiswahili katika maktaba yetu ni fupi mno. Mkutubi ameniambia wanapokea mapendekezo ya wasomaji. Orodha yangu itakuwa ndefu, na nitamkabidhi mwenyewe mkononi.