Mtoto wa miezi mitatu anabaki na nani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Kliniki nayo humwambia mama huyohuyo kwamba mtoto asipewe chochote isipokuwa maziwa ya mama mpaka atimize miezi 6. Ukitoa siku hizo 84 katika miezi 6 unabakiwa na miezi 3 ambayo sheria na kliniki hazisemezani, na katika pengo hilo ndimo linamozuka swali ambalo kila familia ya mjini hulijibu inavyojua yenyewe.

Majibu yaliyozoeleka ni matatu. Bibi aletwe kutoka kijijini, au mtoto apelekwe kwake. Atafutwe dada wa kazi. Au mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho wengi wetu tunakiita dei kea. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto mchanga ni wa nyumbani na kwamba kituo ni mahali pa kumtelekeza kwa malipo. Wapo pia wanaoamini kwamba kituo chenye walezi waliofunzwa kinamfaa mtoto kuliko dada wa miaka 16 anayeangalia tamthilia huku uji ukiungua jikoni. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania jengo, ilhali kinachomjenga au kumuumiza mtoto wa chini ya miaka 3 ni mtu: nani anamshika, ana watoto wangapi wengine mikononi, na mwezi ujao atakuwepo au hatakuwepo.

Tuanze na hoja ya nyumbani, maana ina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mama yake, na tangu hapo jina lake hutajwa kila anapotafutwa mtu wa kuwaonya akina mama wanaofanya kazi. Kisichosemwa sana ni kwamba mwenzake, Mary Ainsworth, alikuja kufanya kazi yake ya kwanza kubwa ya uwandani hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea mara kwa mara familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama na watoto wao sebuleni na uani, akiandika nani anamnyanyua mtoto akilia na mtoto anamfuata nani kwa macho. Hakukuta mama aliyejifungia ndani na mwanawe mchana kutwa. Alichokiona ni kwamba mama aliyeweza kueleza kinaganaga tabia na mahitaji ya mwanawe, yaani aliyemsoma vizuri, ndiye aliyeelekea kuwa na mtoto aliyetulia, anayethubutu kutambaa mbali kidogo kisha kurudi. Kwa hiyo nadharia inayotumiwa kuwatisha akina mama ilipikwa, kwa sehemu, katika nyumba za Waganda ambako ulezi ulikuwa wa wengi.

Hata hiyo "nyumbani" si kitu kimoja. Watafiti waliokaa na Wagusii wa Kenya, Robert LeVine na wenzake, walieleza akina mama wanaomnyamazisha mtoto haraka na kumweka karibu na mwili usiku na mchana, lakini wasiozungumza naye sana, kwa kuwa maongezi hayakuhesabiwa kuwa kazi ya mama kwa mtoto asiyeweza kujibu. Kuongea, kutania na kucheza kulikuwa kwa kaka na dada zake, na mlezi wake wa mchana mara nyingi alikuwa mtoto mwenzake wa miaka sita au zaidi. Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na sehemu zake zote. Mama alitoa joto na chakula, watoto wakubwa wakatoa maneno na michezo.

Hapo ndipo hoja ya nyumbani inapopungukiwa leo, na sababu yake ni njema. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003, na yule msichana wa miaka 8 aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kwa khanga sasa yuko darasani, mahali anapostahili kuwa. Hakuna aliyepanga nani achukue nafasi yake. Bibi naye, tunayemtaja kana kwamba yuko kibarazani akisubiri wajukuu, mara nyingi ana miaka 48 na kibanda chake cha nyanya. Aliyebaki nyumbani ni dada wa kazi, mwenyewe mara nyingi aliyeacha shule, ambaye pamoja na mtoto amekabidhiwa nguo, vyombo, sakafu, chakula cha mchana na geti. Tukimlinganisha mtoto wa kituoni na mtoto wa nyumbani, inafaa tumlinganishe na huyu wa nyumba hii, siyo na yule wa kumbukumbu zetu.

Kwa upande wa pili, watetezi wa vituo nao wana kawaida ya kuazima ushahidi usiowahusu. Utafiti mzuri tulio nao katika ukanda huu, kama ule wa shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kuenea Zanzibar na Uganda, unahusu watoto wa miaka 3 hadi 6, na ulionyesha kwamba darasa la awali lenye mwalimu aliyefunzwa na vifaa vya kuchezea vilivyotengenezwa hapahapa huwasaidia watoto hao kufikiri. Kuuchukua ushahidi huo na kuupeleka kwa mtoto wa miezi 5 ni sawa na kumpa ugali kwa kuwa kaka yake ameushiba.

Kuhusu watoto wachanga hasa, habari kutoka nchi tajiri ni za kuchanganya kidogo. Jimbo la Quebec huko Kanada lilianzisha mwaka 1997 malezi ya bei nafuu, dola 5 kwa siku, na akina mama wengi wakaingia kazini. Wachumi waliofuatilia waliripoti pia kwamba watoto waliongezeka ukorofi na wasiwasi, ingawa wengine walijibu kwamba kosa lilikuwa ubora wa vituo vilivyofunguliwa kwa haraka. Marekani, utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa ulikuta kwamba mlezi mzuri huinua lugha ya mtoto, saa nyingi mno kituoni huambatana na ukorofi kidogo, na hali ya nyumbani ina uzito kuliko vyote viwili. (Wapo wanaoingiza katika mjadala huu vituo vya mayatima vya Romania ya zamani. Mtoto aliyelala kitandani miaka miwili bila mtu wa kumwita kwa jina si mwenzake wa mtoto anayechukuliwa saa kumi na moja jioni na mama yake.)

Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima katika kituo kimoja cha mtaani, chumba kimoja na ua mdogo uliozungushiwa mabati. Walikuwapo watoto 14 wa chini ya miaka 2 na walezi wawili. Nilipoingia, mtoto wa miezi kama 10 alikuwa amesimama dede, kashika ukingo wa kiti cha plastiki, macho mlangoni. Saa nne uji ulikuja katika jagi. Mlezi alikalisha watoto 5 kwenye mkeka, akashika bakuli moja na kijiko kimoja, akaanza kuzungusha: huyu, huyu, huyu, mpaka wa tano, kisha anarudi kwa wa kwanza. Hakuwa mkali. Alikuwa na haraka tu, na mtoto aliyegeuza uso kuonyesha ameshiba alipata kijiko kilekile kilichofuata mzunguko. Yule wa dede aliangusha kikombe, akatazama chini, akamtazama mlezi, akasubiri. Alisubiri kitambo. Kisha akakaa chini na kuanza kunyonya kidole.

Nilipiga hesabu nikiwa nimeketi pale. Watoto 14, kila mmoja abadilishwe nepi mara 4 kwa siku, ni mara 56. Kila mara ichukue dakika 5, kwa kumsafisha vizuri na kumsemesha, ni dakika 280, karibu saa 5. Ongeza kulisha, ongeza kulaza, ongeza yule anayelia kwa sababu meno yanamtoka, na utaona kwamba hata malaika wawili wasingeweza kumjibu mtoto aliyeangusha kikombe. Daktari wa Hungaria, Emmi Pikler, aliyeendesha nyumba ya watoto mjini Budapest kuanzia mwaka 1946, alikuwa amelielewa jambo hili: alisisitiza kwamba kulisha, kuogesha na kubadilisha nepi ndizo saa za kumlea mtoto, zifanywe taratibu na mlezi yuleyule, kwa kuwa mtoto mchanga hana kipindi kingine cha masomo.

Badala ya hayo, vituo vyetu vinashindania ubao. Mzazi akija anauliza kama mtoto ameanza kuandika "a, e, i, o, u", na mwenye kituo, ambaye anaijua biashara yake, anamnunulia mtoto wa miaka 2 daftari na penseli. Mwisho wa mwaka kuna mahafali, joho na kofia, kwa watoto ambao wengine bado hawajaacha kukojoa kitandani. Sina ugomvi na picha za joho. Ugomvi wangu ni kwamba fedha ya joho na daftari ingetosha kuongeza mkono mmoja chumbani.

Serikali haijalala kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya mchana na kutaka visajiliwe, na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, ikishika mambo matano yaliyopendekezwa na mashirika ya kimataifa: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ulikuwa wakati wake, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilikabidhi elimu ya awali na vituo vya malezi kwa kaunti, na matokeo yanategemea kaunti uliyozaliwa.

Ugumu uko katika kusimamia. Afisa ustawi wa jamii akienda na orodha ya jengo, vyoo, uzio na eneo la kuchezea, kile kituo cha mabati nilichokitembelea kinafungwa siku hiyohiyo. Watetezi wa viwango watasema bora kifungwe, na wana haki ya kuogopa moto na ugonjwa wa kuhara. Lakini mama anayeuza vitafunwa sokoni hatakwenda kwenye kituo cha ada kubwa. Atamfungia mtoto ndani na kumwachia dada yake wa miaka 7, na tutakuwa tumemtoa binti shuleni tena kwa jina la ubora. Afadhali kituo hicho kisajiliwe kwa muda, kitembelewe, na kiwekewe sharti moja gumu kabla ya mengine yote: idadi ya watoto wachanga kwa kila mlezi.

Ipo pia njia isiyopita kituoni. Nchini Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliingizwa katika jaribio ambamo baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili, mhudumu akimwonyesha mama namna ya kuzungumza na kucheza na mtoto kwa vitu vya kawaida. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kinachozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba, na nyumba hizo ndimo wanamokaa wale dada wa kazi.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, basi, nasimama upande wa nyumbani, kwa sharti kwamba nyumbani pawe na mtu. Hilo linadai likizo ifike angalau miezi 6 na gharama yake isibebwe na mwajiri peke yake, la sivyo wanawake vijana wataanza kukosa ajira. Saa 2 kwa siku ambazo sheria inampa mama anyonyeshe wakati wa kazi ni ukarimu wa kwenye karatasi: anayetoka Posta kwenda Mbagala na kurudi huzimalizia barabarani. Kuanzia mwaka na nusu, mtoto anapoanza kutafuta wenzake, kituo kidogo chenye mlezi asiyebadilika kinaweza kumfaa kuliko geti lililofungwa. Najua ushauri huu haumsaidii mama asiye na mwajiri, na ndio wengi. Kwake kituo cha bei ndogo kilicho jirani na soko, anakoweza kufika kunyonyesha, ndiyo likizo pekee atakayoipata.

Wakati naondoka pale kituoni nilimuuliza mwenye kituo, mama mtu mzima niliyemwamkia shikamoo nilipoingia, kwamba yule mlezi wa kijiko yupo naye tangu lini. "Huyu ana wiki tatu, mwanangu," alisema. "Tangu Januari wameshaondoka watatu. Wakipata kazi ya mgahawani wanalipwa zaidi." Kwenye fomu ya ukaguzi aliyonionyesha, iliyojazwa vizuri na kugongwa mhuri, palikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya madirisha.