Merikani ilifumwa na nani?

Ukisoma habari za biashara ya Unguja ya karne ya 19, humkosi Seyyid Said na mkataba wake na Marekani wa 1833, wala manahodha wa Salem, bandari ya Massachusetts, waliopakia pembe za ndovu na sandarusi na kushusha majora ya merikani, kitambaa cha pamba. Mfumaji hatajwi. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Kitambaa kile kilitoka kwenye viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mji uliovuma kuliko yote kwa kazi hiyo ni Lowell, Massachusetts. Hadi leo una mashabiki wake: wasichana wa mashambani walilipwa fedha taslimu, wakalala kwenye mabweni yenye walezi, hata jarida lao walikuwa nalo. Sawa. Lakini kazi ilikuwa saa 12 na zaidi kwa siku, kengele ikiwaamsha, kengele ikiwaita mezani. Madirisha yalifungwa hata kiangazi ili hewa iwe na unyevu na nyuzi zisikatike. Vumbi la pamba walilivuta wao.

Mwaka 1836 walipandishiwa gharama za bweni, wakagoma. Harriet Hanson, mmoja wa wafanyakazi, alikuwa na miaka 11. Wakubwa zake waliposita, yeye akatangulia kutoka, na wenzake wakamfuata. Mama yake, mjane aliyesimamia bweni la kampuni, akafukuzwa kazi: eti alishindwa kumzuia bintiye. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba wale walikwenda kwa hiari yao, nauliza, hiari gani, ikiwa kazi yako, kitanda chako na riziki ya mama yako vyote viko mkononi mwa tajiri mmoja?

Wagomaji wale waliimba barabarani kwamba hawatakubali kuwa watumwa. Pamba waliyoisokota ilichumwa Kusini mwa Marekani na watumwa hasa, ambao hawakuwa na mshahara wa kupunguzwa wala mlango wa kutokea. Wapo wafumaji walioliona hilo na kutia saini maombi ya kupinga utumwa. Wenye viwanda waliendelea kununua pamba.

Mwaka 1845 Sarah Bagley, mfanyakazi wa viwanda vya Lowell, na wenzake walipeleka kwenye bunge la Massachusetts ombi la siku ya kazi ya saa 10. Kamati ikakiri kuwa kuna kasoro, kisha ikasema dawa yake si sheria. Sheria ya saa 10 kwa wanawake ilipitishwa Massachusetts mwaka 1874, miaka 29 baadaye, na bado wapo wanaouita Lowell mji wa mfano.