Kuisoma faili ya objekti si kuiandika upya

Mwongozo wa readelf, ile programu ndogo inayoonyesha kilichomo ndani ya faili za ELF (fomati ya faili za objekti, yaani msimbo wa mashine unaotolewa na kompaila, na ya programu kwenye Linux), una sentensi ambayo wasomaji wengi huipita. Unaeleza kwamba readelf inafanya kazi inayokaribiana na ya objdump, chombo kingine cha kutazama faili hizo, ila yenyewe haitegemei BFD, maktaba ya pamoja ya kusoma na kuandika fomati nyingi, kwa hiyo BFD ikiwa na kasoro readelf haitaathirika. Isome tena ukikumbuka kwamba readelf, objdump na BFD zinatoka kwenye furushi moja, GNU Binutils. Waliojenga maktaba ya kusoma kila fomati waliona vema kubaki na chombo kimoja ambacho hakiigusi.

Sentensi hiyo imenirudia mara nyingi kwa sababu ya ubishi uliopo kati yangu na wenzangu tunaoandika zana za msimbo wa mashine. Wao wanaona kwamba anayeandika msimbo mmoja wa ELF, mwingine wa COFF (fomati inayotumika Windows) na wa tatu wa Mach-O (ya macOS) anarudia kazi ileile mara tatu. Mbunifu makini, wanasema, angeweka umbo moja la kati: sehemu (mafungu ya msimbo na data), simboli (majina ya vilivyomo) na rilokesheni (nafasi za kujazwa baadaye), na kila fomati ingeingia na kutoka kupitia umbo hilo. Vyuoni tulifundishwa hivyo, na anayekwenda kinyume anaonekana mvivu wa kufikiri. Hapo ndipo naona upande wa pili haujatendewa haki.

Kwanza nitoe heshima inapostahili. Wazo la umbo la kati lina mzazi, naye ni hiyohiyo BFD. Timu ya GNU 960 ya Intel huko Oregon ilikuwa na fomati mbili, COFF na b.out, ikataka programu zipite kutoka moja hadi nyingine. Ready Systems nao walitaka jambo kama hilo kwa fomati za IEEE-695, Oasys, S-record, a.out na COFF ya 68k. Steve Chamberlain, John Gilmore, K. Richard Pixley na David Henkel-Wallace wa Cygnus Support wakaandika maktaba yenye uso mmoja mbele na, nyuma yake, kipande kimoja kwa kila fomati. Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, alikuwa amemwambia Henkel-Wallace kwamba kazi hiyo itakuwa ngumu, na mwongozo wa BFD wenyewe unakiri kwamba Stallman alisema kweli.

Matunda yake ni makubwa. Chip mpya ikitokea, anayeihamishia zana za GNU anaandika kipande cha nyuma mara moja, kisha linka (inayounganisha faili za objekti kuwa programu), asembla, objdump, objcopy (inayonakili na kugeuza faili hizo) na dibaga ya GDB zote zinakitumia. Kila aliyewahi kupakia programu kwenye Arduino Uno amefaidika bila kujua: kompaila inatoa ELF, halafu avr-objcopy inaigeuza kuwa Intel HEX, yaani mistari ya tarakimu za heksadesimali inayopelekwa kwenye chip. Hakuna anayelalamika, wala hakuna cha kulalamikia, kwa sababu chip haina haja ya majina ya simboli wala mipaka ya sehemu. Inataka baiti na anwani zake. Kinachopotea njiani ndicho tulichotaka kipotee.

Taabu inaanza pale ambapo hatutaki kitu chochote kipotee.

Chukua rilokesheni. Ni ingizo linaloiambia linka: mahali hapa katika msimbo pameachwa wazi, ukishaijua anwani ya simboli fulani njoo upajaze. Kila fomati inayo, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Sogea karibu. Katika ELF ya x86-64 (chip za biti 64) ingizo moja lina baiti 24: 8 za mahali, 8 za simboli na aina, na 8 za nyongeza, ile namba inayojumlishwa kwenye anwani ya simboli. Katika ELF ya i386 (chip za biti 32) ingizo lina baiti 8 tu na nyongeza haimo. Imekaa ndani ya msimbo wenyewe, palepale patakapojazwa. COFF ina baiti 10, nayo haina nafasi ya nyongeza. Mach-O ina baiti 8, na kwenye x86-64, ukitaka tofauti ya simboli mbili, unaandika maingizo mawili yanayofuatana, la kutoa kwanza kisha la thamani. Ukiyatenganisha, au ukayapanga upya kwa anwani bila kujali lipi lilitangulia, maana imekufa.

Sasa buni hilo umbo la kati. Je, utaliwekea nafasi ya nyongeza? Ukiiweka, ya i386 nani ataitoa ndani ya msimbo? Maktaba ikiitoa na kuacha sufuri mahali pake, baiti anazopewa mtumiaji si zile zilizo kwenye diski. Ikiiacha ilipo, nafasi ya nyongeza itasoma sufuri, na mtumiaji asiyejua atakokotoa jibu sahihi kwa x86-64 na jibu baya kwa i386, bila onyo lolote. BFD ilichagua kuwa na nafasi ya nyongeza, kisha ikaweka kwenye maelezo ya kila aina ya rilokesheni kidokezo kiitwacho partial_inplace, kinachosema iwapo sehemu ya nyongeza imo ndani ya msimbo. Ni uamuzi wa watu wenye akili, na sijui kama mimi ningefanya vizuri zaidi. Lakini angalia kilichotokea: anayetumia maktaba ili asijishughulishe na fomati analazimika kuuliza swali la fomati. Mlango wa mbele ni mmoja, ila ukishaingia ni lazima uulize hapa ni kwa nani.

Ningeweza kuendelea na majina ya sehemu, ambayo COFF inayapa baiti 8 na kulipeleka jina refu kwenye jedwali la maandishi, Mach-O inayapa mawili ya baiti 16 kila moja, na ELF haiyawekei kikomo. Lakini mfano unaoniumiza zaidi ni wa ingizo namba 0 katika jedwali la sehemu za ELF. Kwa kawaida ni tupu, halielezi sehemu yoyote. Mbunifu wa umbo la kati analiona, anaona halina maana, analiruka, na kwa miaka mingi hakuna kinachoharibika. Idadi ya sehemu kwenye kichwa cha faili ina biti 16, na namba kuanzia 65,280 zimetengwa kwa matumizi mengine. Faili ikifikia hapo, jambo linalowezekana kabisa kwa msimbo mkubwa wa C++ uliopitishwa kwenye kompaila kwa chaguo la -ffunction-sections, linaloipa kila funksheni sehemu yake, kichwa kinaandikwa sufuri na idadi ya kweli inahifadhiwa kwenye lile ingizo tupu. Lililodhaniwa halina kazi ndilo limeshika hesabu nzima.

Upotevu wa namna hii haupigi kelele. Programu ikianguka unajua pa kuanzia. Faili ikisomwa, ikapitishwa kwenye umbo la kati, ikaandikwa tena ikiwa na upungufu, aliyeiandika anaona kazi imefanikiwa. Anayegundua ni mtu mwingine, siku nyingine, akiwa ameshika faili ambayo haioni tofauti na nzima, na atatafuta kosa kwenye kompaila, kwenye linka, kwenye msimbo wake mwenyewe, kabla ya kuishuku zana iliyodai kunakili tu.

Watetezi wa umbo la kati wana jibu, na ni jibu zito. Mwongozo wa BFD haufichi kitu: unasema wazi kwamba umbo la kati halikidhi kila kilichomo kwenye fomati, na kwamba hilo ni tatizo pale tu unaposoma fomati moja na kuandika nyingine. Ukisoma na kuandika fomati ileile, kipande cha nyuma kinakuwa kimeweka kibindoni yale ambayo umbo la kati lingeyaangusha, na kinayatoa wakati wa kuandika. Ndiyo maana objcopy inaita funksheni kama bfd_copy_private_section_data.

Nakubali kwamba inafanya kazi. Lakini ni nini hasa kilichofanya kazi? Si umbo la kati. Kilichoiokoa faili ni kibindo, yaani msimbo unaoijua ELF kama ELF. Kerneli ya Linux inapoanzisha programu inatazama segimenti (vipande vya kupakiwa kwenye kumbukumbu), haihitaji jedwali la sehemu, ilhali umbo la kati la BFD limejengwa juu ya sehemu. Kwa hiyo objcopy inapoandika programu iliyokamilika, ni kipande cha ELF kinachopanga upya segimenti ili zilingane na sehemu zilizobaki. Kazi finyu imo ndani, imefichwa nyuma ya uso mpana, na sifa inapewa uso.

LLVM, mradi mwingine wa kompaila na zana zake, walilipitia jambo hili kwa vitendo. Linka yao, lld, ilianza na umbo moja la jumla lililoitwa atomu, ambalo kila fomati ilipaswa kuyeyukia. Mwaka 2015 waliandika upya kwanza ile ya COFF, kisha ile ya ELF, kila moja ikizungumza fomati yake moja kwa moja. Zinagawana mtindo wa ubunifu, lakini msimbo wa pamoja ni mdogo. Maktaba yao ya kusoma, inayotumiwa na llvm-nm na llvm-objdump, inao uso mmoja kwa fomati zote na inawafaa. Ila llvm-objcopy, ambayo inaandika, ina umbo lake la ELF, lake la COFF, lake la Mach-O. Rust nao, katika maktaba iitwayo object, wana kiolesura kimoja cha kusoma, na kimoja cha kuandika faili za objekti kuanzia mwanzo, lakini kwa kurekebisha faili iliyopo wameweka mjenzi wa ELF peke yake.

Kazi ni tatu, si mbili za kusoma na kuandika tu. Anayetazama anaweza kuridhika na muhtasari, kwa sababu akikosa kitu, faili bado ipo. Kompaila inayozalisha faili mpya inajua kila inachotaka kusema, na ikiwa umbo la kati linatosha kukisema, hakuna zaidi kilichokuwepo cha kupotea. Anayerekebisha faili ya mwingine amekabidhiwa amana. Hajui ni baiti ipi ina maana kwa aliyeiandika, hivyo hana ruhusa ya kuamua kwamba ingizo fulani ni tupu.

Hata kutazama kuna bei yake. Programu ya strings wengi huidhania kuwa inapitia baiti tu na kutoa maandishi. Mwaka 2014 mtafiti wa usalama Michał Zalewski alitahadharisha kwamba strings ilikuwa ikiipitisha faili kwenye BFD kwanza, na kasoro katika usomaji wa vichwa vya makundi ya sehemu za ELF, iliyosajiliwa kama CVE-2014-8485, ilimweka hatarini mtu aliyetaka tu kuchungulia faili asiyoiamini. Siku hizi mwongozo wa strings unaonya kwamba chaguo la -d, linalosoma sehemu za data pekee, linaiweka programu wazi kwa kasoro zozote za usalama zilizomo ndani ya BFD. Maktaba inayoijaribu faili kwa kila fomati inayoifahamu inampa mshambuliaji milango mingi kwa mara moja.

Lipo jambo moja upande wa wenzangu ambalo sina jibu kamili kwalo. Mwaka 2008 Ian Lance Taylor alileta gold, linka ya ELF peke yake, isiyopitia BFD, iliyoandikwa kwa templeti za C++ kulingana na biti 32 au 64 na mpangilio wa baiti. Ilisifiwa kwa kasi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioisifu. Februari 2025 Binutils 2.44 ilitoka bila gold ndani ya furushi kuu, ikitangazwa kuwa itaondolewa wasipopatikana wa kuitunza. Linka ya zamani iliyo juu ya BFD ingalipo. Msimbo finyu unahitaji watu wake kwa kila fomati, na kosa lililorekebishwa kwenye ELF halijirekebishi lenyewe kwenye Mach-O. Kwa timu ya watu wanne, kama yetu, hilo si jambo dogo. Naweza kusema tu kwamba walioichukua nafasi ya gold, lld na kisha mold iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2021, nao hawakurudi kwenye umbo la kati.

Nimewaomba wenzangu jaribio moja kabla hatujaamua. Wachukue faili tatu za objekti, moja ya ELF, moja ya COFF, moja ya Mach-O. Wazisome kwa maktaba yao, wasibadilishe chochote, waziandike, kisha waendeshe cmp kulinganisha na zile za awali. Kila baiti itakayotofautiana, aliyebuni umbo la kati atueleze ilikwenda wapi na ni nani aliyempa ruhusa ya kuiacha.