Mwenyekiti wa bodi ya kupambana na ulaghai wa afya: dagaa au papa?

Ukitaka kumpima mwenyekiti wa bodi ya chombo cha umma kinachopambana na ulaghai katika huduma za afya, usianze kwa kuuliza chombo chake kimekamata wangapi. Uliza kwanza kimewakazia macho akina nani.

Kazi yenyewe si ya muda wote na haina mbwembwe. Mwenyekiti huendesha vikao, humsimamia mtendaji mkuu, hupitisha mkakati na bajeti, na hujibu wizara na Bunge wanapouliza fedha zimefanya nini. Hapekui jalada la mtuhumiwa, na hatakiwi kupekua. Siku akianza kupiga simu kuuliza "lile la hospitali ile limefikia wapi", watu waanze kuwa na wasiwasi naye.

England ni mfano mzuri kwa sababu muundo wake uko wazi. Mamlaka ya kupambana na ulaghai katika Huduma ya Taifa ya Afya (NHS), iitwayo NHSCFA, ilianzishwa tarehe 1 Novemba 2017 kurithi kazi ya NHS Protect. Kitengo hicho cha zamani kilikuwa ndani ya NHSBSA, taasisi ileile inayoshughulikia malipo ya maduka ya dawa na madaktari wa meno. Mlipaji na mpelelezi walikaa nyumba moja, na kuwatenganisha ilikuwa sahihi. Hata hivyo mwenyekiti wa chombo kipya bado huteuliwa na waziri wa afya, mkuu wa mfumo uleule unaochunguzwa. Mwenye akili timamu anaweza kuishi na hali hiyo, lakini asijifanye haioni.

Mzigo wa kwanza anaokutana nao mezani ni takwimu. NHSCFA hukadiria kila mwaka ni fedha kiasi gani za NHS ziko katika hatari ya kuliwa na walaghai, na makadirio hayo yamekuwa juu ya pauni bilioni 1 kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya hatari. Hakuna aliyekaa akahesabu pauni moja moja zilizoibwa. Lakini yakishafika kwenye vichwa vya habari husomwa kama wizi uliothibitishwa, kisha wanasiasa hutaka kujua kwa nini zilizorudishwa ni kidogo namna hiyo. Marekani nako mwishoni mwa Juni 2025 Wizara ya Sheria ilitangaza washitakiwa 324 wa ulaghai wa afya, wakituhumiwa kudai malipo ya zaidi ya dola bilioni 14.6. Kilicholipwa kweli kilikuwa karibu dola bilioni 2.9, na upande wa serikali unaosimamia Medicare, bima ya afya ya umma hasa kwa wazee, ulisema ulizuia zaidi ya dola bilioni 4 kabla hazijatoka. Kwangu mimi habari kubwa ilikuwa hiyo ya kuzuia. Magazeti mengi yalibeba 14.6.

Wanaotaka mwenyekiti mkali wana hoja, na si ya fedha peke yake. Farid Fata alikuwa daktari wa saratani karibu na Detroit, Michigan. Aliwadunga wagonjwa dawa kali za saratani ambazo hawakuzihitaji, wengine wakiwa hawana saratani kabisa, kisha akadai malipo kwa bima. Waathirika waliotambuliwa walikuwa 553, na mwaka 2015 alifungwa miaka 45. Kinachouma ni kilichotangulia. Mwaka 2010 muuguzi mmoja alifika kwenye kliniki yake kwa usaili wa kazi, akaona jinsi dawa zinavyotolewa, akaondoka na kuandika malalamiko kwa mamlaka ya jimbo. Mwaka uliofuata alijibiwa kwamba hakuna kosa lililoonekana. Fata alikamatwa 2013, baada ya meneja wa ofisi yake mwenyewe kwenda kutoa taarifa. Miaka yote hiyo katikati watu walikuwa wanalazwa kwenye kiti na kuwekewa sumu mshipani. Kwa hiyo anayesema chombo cha namna hii kiwe cha upole, amweleze hilo mgonjwa wa Fata.

Geuza sasa upande wa pili. Dawa za daktari England hulipiwa, lakini makundi mengi yamesamehewa: wajawazito, wazee, baadhi ya watu wa kipato cha chini. Mgonjwa huweka alama kwenye kisanduku nyuma ya cheti cha dawa, anachukua dawa, anakwenda zake. Baadaye kompyuta hulinganisha kumbukumbu. Zisipokubaliana, barua hutumwa: lipa gharama ya dawa pamoja na faini inayoweza kufika pauni 100, na ukichelewa huongezwa hadi pauni 50. Ukaguzi wa taifa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba tangu 2014 barua kama hizo zilikuwa zimetumwa milioni 5.6. Kati yake milioni 1.7, zenye thamani ya pauni milioni 188, zilifutwa baadaye kwa kuwa mtu alikuwa na haki ya msamaha tangu mwanzo.

Hebu fikiria anayeipokea. Mjamzito anajua dawa kwake ni bure, na ni kweli, ila hakuambiwa kwamba lazima awe amejaziwa fomu na kupewa hati. Au mtu anayepokea Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo: kwa miaka kadhaa kisanduku cha ruzuku hiyo hakikuwepo kwenye cheti, akatakiwa kuweka alama kwenye kisanduku cha ruzuku nyingine. Ametii maelekezo, barua ikamfuata kana kwamba ni mwizi. Kwa haki, barua hizo zilikuwa kazi ya NHSBSA na si ya NHSCFA. Lakini ulaghai wa misamaha ya wagonjwa umo ndani ya makadirio ya NHSCFA, na kila anayeongoza bodi ya aina hii hukutana na kishawishi kilekile.

Kishawishi chenyewe ni urahisi. Kuwakamata dagaa na kuwaacha mapapa ni lawama ya kila siku kwetu, lakini katika afya ina sababu ya kiufundi. Mgonjwa mmoja mmoja hukaguliwa na kompyuta kwa gharama ndogo, na matokeo yake hujaza ripoti. Kampuni inayodai malipo ya huduma hewa ina mhasibu, wakili na mkataba wa kurasa mia, na kesi yake hula miaka. Bodi inayotaka namba nzuri kila robo mwaka itajikuta ikivua dagaa tu, hata kama hakuna aliyeamua hivyo.

Ndiyo maana mjadala kama mwenyekiti awe polisi mstaafu, mkaguzi wa hesabu au daktari haunisisimui sana. Polisi anajua ushahidi, lakini huzoea kuona mtuhumiwa kila mahali. Daktari anajua kosa la kuandika na wizi vinavyofanana kwenye karatasi, lakini ana marafiki. Ningemchagua mkaguzi ikibidi, kwa sharti moja: awe amewahi kumkatalia mkubwa wake kwa maandishi.

Nikipewa nafasi ya kubadili jambo moja, ningebadili ukurasa wa mbele wa ripoti ya mwaka. Fedha zilizookolewa zikae hapo, sawa. Pembeni yake, kwa herufi za ukubwa uleule, ziandikwe tuhuma zilizofutwa, muda uliopita tangu malalamiko ya kwanza hadi mtu kukamatwa, na sehemu ya fedha iliyotoka kwa watoa huduma dhidi ya iliyotoka kwa wagonjwa. Mtendaji mkuu atapinga. Mwenyekiti ndiye mwenye mamlaka ya kumwambia aandike.