Mtaala Unadai Umahiri, Mtihani Unadai Herufi

Mtaala wa elimu ya msingi nchini Tanzania unamtaka mwanafunzi aweze kujieleza kwa maandishi, yaani aandike barua, insha na maelezo yanayoeleweka. Kwa miaka mingi, hata hivyo, sehemu ya utungaji katika mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba imekuwa ikimpa mtahiniwa sentensi chache zilizochanganywa, azipange ziwe na mtiririko wenye mantiki kwa kuzipa herufi A, B, C na D, kisha aweke kivuli kwenye herufi hizo katika fomu ya kujibia ambayo husomwa na mashine. Mtoto anaweza kupata alama zote za utungaji bila kutunga hata sentensi moja. Yameongezwa baadaye maswali machache ya kujibu kwa kuandika, nami nayapongeza, lakini uzito mkubwa bado uko kwenye kuchagua jibu.

Kinachoniuma ni kwamba lawama huishia kwa mwalimu. Mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akifika hukuta azimio la kazi na andalio la somo, yaani mipango ya mwalimu ya kufundisha, vimeandikwa kwa lugha ya umahiri (kile mwanafunzi anachoweza kukifanya) kama inavyotakiwa, ilhali ubaoni kuna maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, na darasa la saba limewekwa kambi kuyarudia asubuhi na jioni. Siwezi kumwita mwalimu huyo mzembe. Anajua kuwa matokeo yakitoka, mwalimu mkuu ataulizwa wilayani ni wangapi wamefaulu, na hakuna atakayeuliza ni wangapi wanaoweza kuandika barua ya kuomba ruhusa. Anafundisha kile kinachopimwa, na ningekuwa mahali pake, sidhani kama ningethubutu kufanya vinginevyo.

Gharama yake huonekana kidato cha kwanza, ambako mtoto asiyewahi kudaiwa aya moja ya Kiswahili chake mwenyewe anatakiwa kujieleza kwa maandishi, na kwa Kiingereza, karibu katika kila somo. Tunazoea kusema tatizo ni lugha ya kufundishia, na kwa kweli ni tatizo kubwa. Hata hivyo, kupanga hoja ni stadi ambayo angeweza kuijenga kwa Kiswahili tangu shule ya msingi, iwapo mtihani ungempa mwalimu wake sababu ya kuifundisha.

Mtaala wa sekondari ulielekezwa kwenye umahiri tangu 2005, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umesisitiza jambo hilo zaidi. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mtaala na vitabu. Baraza la Mitihani hutunga mitihani. Kila chombo kina wajibu wake kisheria, lakini mwalimu hana madarasa mawili, moja la kila chombo.

Najua hoja inayotolewa: watahiniwa wa darasa la saba ni zaidi ya milioni moja, na mashine husahihisha haraka na bila upendeleo. Ni hoja nzito. Lakini katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao nao hufanywa na watoto zaidi ya milioni moja, majibu huandikwa kwa mkono na kusahihishwa na walimu. Kama inawezekana kwa mtoto wa darasa la nne, sioni kwa nini isiwezekane kwa kaka yake anayemaliza shule.

Wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza elimu ya msingi kwa miaka sita badala ya saba, mwaka 2027. Ninaomba fomati ya karatasi yao ya Kiswahili iwe na insha moja ya kuandikwa kwa mkono, hata ikiwa ya aya mbili tu, na ifike shuleni mapema, mwalimu akiwa bado na muda wa kuwafundisha kuiandika.