Mtu wa Kijani Anakimbizwa na Nani?

Jamani, huyu mtu wa kijani wa kwenye taa za barabarani ana haraka gani? Hujafika katikati, keshaanza kuwakawaka! Hesabu yake ni hii: wahandisi wengi hupanga taa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 14 inapewa sekunde 12. Bibi mwenye mkongojo anakwenda mita 0.8. Sekunde 12 zikiisha bado ana mita 4 na ushee mbele yake, na madereva washakanyaga mafuta. Singapore, tangu 2009, mzee anagusisha kadi kwenye nguzo, anaongezewa sekunde 3 hadi 13 kulingana na upana wa kivuko. Kwingine anaongezewa honi.

Haya, tuje kwenye mteremko wa kushukia barabarani. Kanuni inajulikana: kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8. Fundi anamwaga zege sentimita 60, anafuta jasho, kazi imekwisha. Baba, huo ni ukuta uliojiegemeza! Mwenye kitimwendo akiupanda, kiti kinataka kumpindua kichalichali. Akishuka, chini lami imeachwa imeinuka sentimita 3 juu ya zege. Magurudumu madogo ya mbele yananasa, kiti kinasimama, mwenyewe anaendelea na safari. Na maji ya mvua, kwa kuwa mtaro hakuna aliyeukumbuka, yanatuama papo hapo.

Vile vigae vya njano vya kuwaongoza wasioona navyo! Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965, vikatandikwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Mistari maana yake nenda, vinundu maana yake simama. Basi. Lakini wapo wanaovitandika kama pambo, mistari ikamwongoza asiyeona moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya umeme.

Uingereza, chini ya kisanduku cha kuombea njia kuna kipini kidogo chenye matuta membamba. Taa ikiruhusu, kinazunguka. Asiyeona wala kusikia anakihisi kidoleni, anavuka. Wengine kitufe chenyewe wamekifunga kimo cha mita 1.6, nyuma ya pipa la taka. Aliyekaa kwenye kiti akibonyeze kwa kitu gani, kwa maombi?