Hakuna aliyetengeneza nyota maabara

Kila zinapotoka habari za leza kubwa za Marekani, vikundi vyetu vya WhatsApp hapa Kampala hugawanyika pande mbili. Huku wanashangilia kwamba wazungu "wametengeneza nyota", kule wanauliza fedha hizo zingeziba mashimo mangapi barabarani. Mimi nakataa pande zote, ila hao wa nyota ndio wanaonikera zaidi.

Kilichotengenezwa ni wimbi la mshtuko, yaani ukingo ambapo kitu kinachokimbia kwa kasi kinapunguzwa mwendo ghafla. Fungua bomba maji yaangukie sinki: yanatawanyika kwa kasi yakiwa membamba, kisha ghafla yanapunguza mwendo, yanainuka na kuchora duara. Ukingo wa duara hilo ni ndugu wa mshtuko wa angani. Tofauti ni kwamba maji husukumana yenyewe kwa yenyewe, lakini kati ya nyota gesi ni hafifu mno, chembe zake ni nadra kugongana. Kinachozizuia ni uga wa umeme na sumaku, tena uga ambao chembe zenyewe huuzalisha zinapopishana. Hapo ndipo penye utamu.

Mwaka 1006 watu wa Misri na China waliona nyota iliyolipuka. Mabaki yake bado yanatanuka kwa kilomita elfu kadhaa kwa sekunde, na kwenye ukingo wake, penye mshtuko wa aina hiyo, elektroni hurushwa kwa nguvu za kutisha. Zinaanzaje mbio hizo? Darubini huonyesha matokeo tu.

Kwenye NIF, kituo cha utafiti cha California chenye miali 192 ya leza, timu ya mwanafizikia Frederico Fiuza ilichoma vipande viwili vya kaboni vilivyoelekeana. Plazma mbili, yaani gesi za moto zenye chembe za umeme, zikaruka, zikakutana katikati, mshtuko ukazaliwa, na baadhi ya elektroni zikakaribia kasi ya mwanga. Matokeo yalichapishwa 2020. Jambo zima ni la sentimita chache na nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) kadhaa, lakini uwiano wa kasi, msongamano na sumaku ukipangwa vizuri, milinganyo ni ileile ya angani. Anayeuita huo mchezo wa kuigiza hajaelewa hesabu yake.

Tena maabara hurudia jaribio. Tarehe 3 Novemba 2013 watu walifunga safari hadi Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda, kutazama jua likipatwa, na giza kamili halikufika hata nusu dakika. Aliyekuwa akihangaika na kamera yake alikosa. Leza unaijaza upya, unabadilisha kitu kimoja, unapiga tena.

Sidai tujenge leza kama hiyo Mbarara. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni uigaji wa kompyuta: kufuatilia mamilioni ya chembe za kubuni kabla leza haijawashwa, na kulinganisha baadaye. Mwanafunzi wa Makerere anayemudu hesabu na kuandika programu anaweza kuanzia hapo mwaka huu, alimradi umeme usikatike katikati ya hesabu.